Namna ya Kuipima Programu ya Kumbukumbu za Bustani

Katika kazi ya kutunza bustani za watu mjini Arusha, mteja huhama na majani hubaki. Mji uliokuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, na ambao hata leo ni makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, haukosi wapangaji wa miaka miwili mitatu ambao hufika na masanduku yao, hupanga nyumba Njiro, Ilboru, Sakina au Usa River, humlipa fundi bustani ujira wake kwa wakati, kisha huagana naye na kwenda zao. Ilhali ukoka ulio mbele ya nyumba zile huendelea kuota, wala hauna habari ya aliyeondoka wala ya aliyeingia. Kwa hiyo mtu anayetaka kuchagua programu ya kuhifadhi kumbukumbu za wateja wake, na aianze hukumu yake kwa swali hili: je, programu hii humkumbuka mtu, au huikumbuka bustani? Nyingi humkumbuka mtu tu. Zilizo njema huvikumbuka vyote viwili, na huviunganisha kwa namna ambayo kimoja kikiondoka hakimburuti mwenziwe.

Kulijua hilo hakuhitaji elimu ya mitambo. Andikisha nyumba moja ya kubuni, mpe mpangaji jina, andika kwamba bustani imehudumiwa mara tatu, kisha mhamishe mpangaji huyo na kumwingiza mwingine. Ikiwa kumbukumbu za kazi zimemfuata aliyehama, na bustani imebaki uchi kana kwamba haikuguswa na fyekeo tangu kuumbwa kwake, ifunge programu hiyo na utazame nyingine. Ikifaulu hapo, iongezee uzito: mpangaji ndiye anayeishi, mwenye nyumba yuko Dar es Salaam na ndiye atoaye idhini ya kung'oa mti, ofisi ya mwajiri ndiyo ilipayo ankara, na mlinzi ndiye afunguaye geti. Watu wanne, bustani moja. Programu isiyokuwa na nafasi ya kuwaandika wote wanne, kila mmoja na wadhifa wake, itakulazimisha kumpelekea mlinzi ankara na kumwomba mhasibu akufungie mbwa.

Kumbukumbu hizo si pambo, bali ndizo rasilimali ya kazi, tena aghalabu zina thamani kupita mashine zenyewe. Tazama maelezo ya bustani moja yalivyo yakiandikwa na mtu ajuaye: ukoka mahali pote, isipokuwa chini ya mjakaranda wa pembeni ambako kivuli kimeuua, mteremko ni mkali upande wa korongo, mashine isipitishwe huko siku ya mvua, fuko wamefukua upande wa jikoni, bomba la nje hufunguliwa kwa ndani, aulizwe mlinzi, mbwa hufungwa saa mbili asubuhi, mama mwenye nyumba hapendi kisu kishushwe sana. Mfanyakazi mgeni aliyesoma mistari hiyo kabla ya kubisha hodi huingia kama mwenyeji. Basi mwonjaji wa programu na aangalie mistari hiyo huwekwa wapi. Programu dhaifu huipa kisanduku kidogo kilichofichwa nyuma ya kurasa tatu, mahali ambapo hakuna atakayefika akiwa amesimama juani na mikono ina mafuta ya mashine; iliyo mahiri huitanguliza mbele ya macho mara tu jina la nyumba linapoguswa, pamoja na picha zenye tarehe, kwani picha ya mwezi wa Februari ikiwekwa kando ya picha ya Aprili humaliza ubishi juu ya nani aliyeunguza majani kwa mbolea.

Programu zilizotungwa makusudi kwa kazi za namna hii nyingi zatoka Amerika ya Kaskazini. Jobber, iliyoanzishwa mjini Edmonton, Kanada, mwaka 2011, humpambanua mteja na mahali pa kazi, na kwa hilo yastahili sifa; Yardbook ya Marekani imetungwa kwa mafundi bustani hasa, na daraja lake la mwanzo hutolewa bila malipo. Kwa upande mwingine zipo programu pana zisizokuwa na habari na majani wala mawe, kama vile Odoo ya Ubelgiji na ERPNext ya India, ambazo mtu aweza kuziweka katika kompyuta yake mwenyewe na kuzigeuza apendavyo, maadamu ana kijana mwenye maarifa wa kumlipa. Kuhusu hizi za pili nina neno moja: uhuru wake ni wa kweli, lakini kijana yule akipata kazi Dodoma, uhuru huo huenda naye. Za kwanza hufanya kazi tangu siku ya kwanza, ila zimejengwa juu ya dunia ambayo si yetu: dunia ya kadi za benki, ya mitaa yenye namba tangu enzi za mababu, na ya majira ya baridi ambayo kazi ya majani husimama kabisa.

Kwetu kazi haisimami, hubadilika mwendo. Masika yaingiapo mwezi wa Machi, bustani iliyokuwa ikikatwa mara moja kwa mwezi hudai kukatwa kila wiki. Baridi ya Juni na Julai huidumaza. Vuli huiamsha tena. Fauka ya hayo, Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, haugawi mvua kwa haki: miteremko ya kusini na mashariki, kule Nkoaranga na Tengeru, hupata maji tele, ilhali Kisongo kwa upande wa magharibi hukaa pakavu, hata bustani mbili zilizopandwa ukoka mmoja siku moja hazitakutana tena katika ratiba moja. Programu iliyokomaa humruhusu fundi kuiwekea kila bustani muda wake, na kuubadili kwa majira bila ya kuandika upya. Kisha kuna jaribio la mvua: chukua safari zote za siku ya Jumanne, na uzisogeze hadi Alhamisi kwa tendo moja, huku kila mteja akipelekewa taarifa. Programu itakayokutaka usogeze bustani kumi na nne moja moja imetungwa na mtu asiyepata kunyeshewa.

Sasa nije kwenye majina, mahali ambapo programu nyingi za kigeni huaibika. Tafuta jina la Mollel katika orodha ya wateja wa Arusha, nawe utapata umma. Tafuta Kaaya au Pallangyo upande wa Meru, mambo ni yale yale. Na huyo unayemtafuta pengine hakuna katika wafanyakazi wako amjuaye kwa jina la ukoo, kwani kwao yeye ni Mama Neema, au ni Mzee wa geti la kijani. Basi programu njema hutafuta kwa kila njia: kwa jina la ukoo, kwa jina la mwito, kwa mtaa, kwa tarakimu za mwisho za simu. Jambo la simu lisipuuzwe. Namba iliyoandikwa kwa kuanzia sifuri na ile ile iliyoandikwa kwa kuanzia +255 ni mtu mmoja kwetu, lakini programu isiyo makini huwafanya watu wawili, ikampelekea kila mmoja deni lake. Na wale waliohifadhi orodha zao katika Excel wanajua vyema jinsi jedwali lile linavyoila sifuri ya mwanzo, au kuigeuza namba nzima ya mteja kuwa 2.55754E+11, namba ambayo hakuna mtandao wa simu utakaoipokea.

Kadhalika anwani. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zimepata namba na barabara nyingi zimepata majina, na ni vyema yaandikwe. Lakini dereva wa pikipiki bado huelekezwa kwa kanisa, kwa duka na kwa mwembe. Programu iwe na nafasi ya yote mawili, na zaidi ya hayo iwe na alama ya ramani iwekwayo mtu akiwa amesimama getini, kwa sababu alama ya kukisiwa kutoka ofisini aghalabu huangukia ng'ambo ya mto Themi. Na tarehe pia: andika 12 Aprili kwa tarakimu tupu, uone kama mashine haikuielewa kuwa ni tarehe nne ya Desemba kwa hesabu ya Wamarekani. Saa nazo zina mtego wao, kwani ujumbe usemao fundi atafika saa 2:00, ukiwa umeandikwa kwa saa za Kizungu, humtoa mteja kitandani asubuhi na kumngojesha hadi alasiri. Napendelea programu inayokuachia uandike maneno ya ujumbe wewe mwenyewe, kwa Kiswahili chako, kuliko ile inayojigamba kwa lugha thelathini.

Juu ya malipo sitasema mengi. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 fedha zetu nyingi hupita katika simu, na jina litokealo katika ujumbe wa malipo mara nyingi si la mteja bali la dereva wake, au la shemeji aliyeombwa atume. Hivyo programu ni lazima ikubali malipo ya jina geni, na malipo ya nusu, pasipo kunung'unika. Iwe na mahali pa kuandika namba ya risiti ya EFD, yaani mashine za risiti za kodi zilizoanza kutumika mwaka 2010, na iweze kutoa ankara kwa shilingi. Desturi ya zamani ya Arusha ya kutaja bei kwa dola imefungiwa mlango na kanuni za mwaka 2025.

Mtumiaji wa kweli wa programu si mwenye kampuni aliyekaa ofisini, bali ni kijana aliye bustanini na simu janja ya bei nafuu, kioo kimepasuka pembeni, bando limekwisha tangu juzi. Mpe yeye aijaribu. Zima mtandao katika simu, umwambie aandike kwamba kazi imekwisha na apige picha. Kisha uuwashe, uone kama yale aliyoyaandika yamefika yote, au yamepotea, au yamefika mara mbili. Kwenye makorongo ya juu ya Ilboru mtandao huja na kwenda, na programu isiyoweza kufanya kazi gizani huwafundisha wafanyakazi kusema uongo: hujaza habari jioni, kwa kukisia, wakiwa wamekaa mahali penye mtandao.

Kuna na jambo la amana. Daftari lisemalo nyumba ipi ina mbwa na ipi haina, mlinzi huingia saa ngapi, na wenyewe wamesafiri hadi lini, ni ramani kamili ya mwizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na imeweka masharti juu ya kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi, ambako ndiko zikaako kompyuta za programu nyingi nilizozitaja. Kwa hiyo uliza taarifa huhifadhiwa katika nchi gani. Na uangalie kama programu yaweza kumwonyesha kila mfanyakazi bustani zake za leo tu, na kumfungia mlango siku ile ile anapoacha kazi. Programu inayowapa watu wote nywila moja haifai, hata ikiwa ya bure. Uliza pia namna ya kutoka: je, orodha yote, pamoja na historia ya kila bustani na picha zake, yaweza kutolewa katika faili la kawaida? Wauzaji wengi watakuonyesha kitufe. Kibonyeze, ulifungue faili lenyewe, utaona mara nyingi limetoka na majina na simu tu, na ile mistari ya mjakaranda na ya fuko imebaki ndani.

Mwenye bustani zisizozidi ishirini, akiwa na mwandiko unaosomeka, hana haja ya yote haya. Kaunta buku, ukurasa mmoja kwa kila nyumba wala si kwa kila mtu, litamtosha, tena litamzoeza mpango ule ambao baadaye atautafuta katika programu. Aliyezidi hapo na achague programu mbili, si zaidi, azijaribu pamoja. Muda wa kujaribu bila malipo huwa mfupi, Jobber kwa mfano hutoa siku 14, basi usiutumie mwezi wa Januari wakati majani yamelala na kila programu huonekana hodari. Ungoje hadi Aprili, wiki ambayo mvua imekwisha kuivuruga ratiba mara mbili na wateja watatu wanapiga simu kwa pamoja, ndipo uifungue akaunti.