Barua za Lakishi na Namna ya Kuzisoma

Walimu wengi wa Agano la Kale wazijua barua za Lakishi kwa jambo moja tu. Hufika Yeremia 34:7, penye habari ya kuwa katika miji ya Yuda yenye maboma ilisalia Lakishi na Azeka. Hapo husimulia habari za kigae ambacho juu yake askari aliandika kwamba Azeka haionekani. Na darasa huambiwa ya kuwa Azeka ilikuwa imekwisha kuanguka. Kisha kitabu hufungwa. Desturi hii yaidai barua ya nne neno isilolisema, tena yatunyima barua ya tatu, ambayo kwa maoni yangu yazipita zote.

Vigae 18 vilivyoandikwa kwa wino vilichimbuliwa na J. L. Starkey mwaka 1935 katika kilima cha Tell ed-Duweir, vingi vyao katika chumba cha lango la mji, kati ya majivu. Mwaka 1938 vilionekana vingine 3. Mwezi wa Januari mwaka huo Starkey aliuawa njiani akienda Yerusalemu, na mwaka huo huo Harry Torczyner akayatoa maandishi chapa. Lugha yake ni Kiebrania cha siku za mwisho wa Yuda, kabla Nebukadreza hajauteketeza mji, karibu na mwaka 588 K.K.

Katika barua ya nne mwandishi asema ya kwamba wao waiangalia mioto ya ishara ya Lakishi, kwa kuwa Azeka hawaioni. Hasemi kwa nini hawaioni. Yamkini mji umeanguka. Yamkini ni ukungu, au kilima kimesimama katikati. Tena tendo lenyewe lina maana mbili, kama kulinda kwetu: mlinzi wa shamba hutazama ndege, naye hulitunza shamba. Kwa hiyo Yigael Yadin alidhani ya kuwa barua hizi ni rasimu zilizoandikwa Lakishi kwenyewe, na mkubwa wa ngome hiyo, kupelekwa kwa mkuu wake Yerusalemu. Maana baadhi ya vigae ni vya chungu kimoja. Mimi sioni kwamba jambo hili limekatwa. Lakini mwalimu asiyelitaja alitia darasani uhakika ambao kigae hakina.

Sasa adabu yake. Mwandishi humwombea bwana wake Yaushi asikizishwe na Mungu habari za amani. Kisha huja neno dogo, "na sasa", ndipo shauri huanza. Mtu aliyezisoma barua za kale za pwani hatakosa kutambua kiungo hicho: ndiyo *wa baadu* ya waandishi wetu, mlango wa kutoka katika salamu kuingia katika haja. Mara nyingine mwandishi hujiita mbwa, kama Mefiboshethi mbele ya Daudi. Wanafunzi wetu huchukizwa na neno hili, nao wana haki, kwani kwetu mbwa ni tusi tupu. Na wakumbushwe shikamoo: hakuna mzee atazamaye chini aone kama miguu yake imeshikwa kweli.

Ila katika barua ya tatu unyenyekevu huu wapasuka. Yaushi amemwandikia Hoshaya maneno makali, akimwuliza kama hajui kusoma barua. Hoshaya ajibu ya kuwa moyo wake wauguа tangu jioni ile; aapa kwa uhai wa Bwana kwamba hajapata mtu kujaribu kumsomea barua, na kila ijayo huisoma mwenyewe. Bado ajiita mtumwa, lakini mtumwa huyu amekasirika. Sijui mahali pengine katika maandishi ya zama zile ambapo twamsikia mtu asiye kuhani wala mwandishi wa mfalme akiona ya kuwa kusoma ni heshima yake, na kudhaniwa hajui ni aibu. Sisi tuliokaa miaka na watu wazima mbele ya ubao twaijua aibu hiyo kwa sura.

Baada ya hasira, habari: jemadari Konyahu mwana wa Elnathani ameshuka kwenda Misri, na iko barua iliyotoka kwa nabii, yenye onyo la kujihadhari, ambayo Hoshaya aipeleka kwa bwana wake. Torczyner alimtambua nabii huyu kuwa ni Uria wa Yeremia 26, akazifunga karibu barua zote katika kesi moja. Hadithi yapendeza, walakini Uria aliuawa zamani za Yehoyakimu, miaka kumi au zaidi kabla ya moto huu. Kigae chasema "nabii" tu.

Wampendao Yeremia waitazame afadhali barua ya sita. Mwandishi amesoma nyaraka zilizotoka mjini kwa mfalme na kwa wakuu, naye alalamika ya kuwa maneno yale yadhoofisha mikono. Neno hilo hilo wakuu walimshtaki nalo Yeremia katika 38:4. Hapa, ingawa kigae kimefifia, wengi wasoma ya kwamba washtakiwa ni wakuu wenyewe. Na askari huyu amwomba bwana wake awaandikie, awaulize kwa nini watenda hivyo katika Yerusalemu.