Pongezi kwa Mchungaji wa Ankole

Farasi, ambaye katika nchi nyingine ndiye fahari ya shamba, huku Ankole, Uganda, ni mgeni, wala haonekani ila akibeba watalii kando ya Ziwa Mburo. Fahari ya huku ni ng'ombe mwenye pembe ndefu, ambaye mji wa Mbarara umemsimamishia sanamu njia panda, ilhali mchungaji wake hajasimamishiwa kitu.

Alfajiri, kabla ya kukama, huwasha moto wa mavi makavu ili moshi ufukuze inzi, kisha humwita kila ng'ombe kwa jina litokanalo na rangi yake, kama Bihogo, aliye mwekundu wa kukoza. Humpapasa masikio na chini ya mkia, akimtoa kupe mmoja mmoja, huku mbwa akingojea hisani ya povu. Chombo cha mti hufukizwa kwa nyasi, na maziwa hupata harufu ambayo, kwa rai yangu, hakuna kiwanda kitakachoiweza.

Jirani yake ni Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958 kwa wakimbizi wa Rwanda, ambamo leo wamo pia Wakongo, Warundi na Wasomali. Ng'ombe akivamia mahindi ya Mkongo, shauri huamuliwa kwa Kiswahili na kwa taadhima, "Mzee, tuwie radhi," na pengine fidia huwa ni maziwa yenyewe. Msomali naye huyataka ya chai, tena hakopi. Yanayobaki hupakiwa katika madumu juu ya pikipiki, yawahi Mbarara kwenye mitambo ya kupoza kabla jua halijawa kali.