Bilan ya konseye wetu: manjanja iko, kanivo iko wapi?



Wengi wenu mumeisha kuona ile bilan ya kurasa nne ambayo konseye mumoja wa hapa Bukavu alitutumia, na kichwa chake kikubwa: « Makao bora na mji mupya ». Ni mukubwa wetu. Alisomea maendeleo miaka kadhaa mbele yetu, na kura ya Desemba 2023 sisi wengi tulimupigia, wengine hata kumubandikia maafishi usiku. Nimeisoma mara mbili, kwa heshima. Jina lake na komini yake naviacha pembeni, kwa sababu nitakachosema kinagusa makonseye wengi, wawe wa Ibanda, wa Kadutu ao wa Bagira.

Konseye wa komini ndiye wenzetu wa Tanzania wanamuita diwani. Kura ile ya 2023 ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo tangu Katiba ya 2006, ndiyo maana hakuna mutu anayejua vizuri kazi hii iko namna gani, hata wanaoifanya. Bilan hii ilipotoka, mwaka wa kwanza haukuwa umetimia. Burugumestre tunaye wa kuteuliwa, wakati sheria inasema achaguliwe na baraza la komini. Kwa hiyo siandiki kumulaumu mukubwa kwamba hajajenga mji. Namulaumu kwa kile alichochagua kuhesabu.

Tuanze na kurasa mbili za kwanza. Ni picha. Manjanja yamepangwa mbele ya familia zilizounguliwa, mifuko ya sima kwa kanisa na kwa shule, ngazi za mawe zimepakwa chokaa pembeni, watu wanapiga makofi. Ngazi zile nimezipita mwenyewe, ni nzuri, mama mwenye kubeba beseni ya makala kichwani anashuka bila kuteleza. Hapo napiga makofi na mimi.

Manjanja je? Kartiye zetu za mbao zinaungua, tunazijua: Nyamugo, Essence, Nkafu. Nyumba zimebanana, njia haitoshi hata mutu na kitanda, gari ya kuzimisha moto itapita wapi? Baada ya moto, kila mwanasiasa analeta manjanja. Familia inajenga palepale, mbao ileile, nyumba imegusana na ya jirani vilevile, na sasa iko na manjanja mapya. Moto ukirudi, zawadi inarudi. Mukubwa ameandika idadi ya manjanja mpaka ya mwisho. Hajaandika kama, mbele ya kugawa, mutu yeyote alikaa na wale jirani akawaomba kila mumoja arudishe ukuta nyuma kidogo ili njia ipate kupita. Kazi hiyo haina picha nzuri. Watu watagombana, mwenye parseli ndogo atalia, na konseye atapoteza kura kumi. Lakini kuna nani mwingine wa kuifanya? Shefu wa kartiye ni wa kuteuliwa, mutu wa urbanisme anakuja na rangi nyekundu kuandika msalaba kwenye ukuta. Konseye peke yake ndiye jirani wamemuchagua.

Ukurasa wa tatu ndio ulionisukuma niandike. Mukubwa anajivunia kwamba « amefanya pledwaye kali » ili nyumba zilizojengwa ovyo kwenye miteremko zibomolewe. Maneno yake: konstriksyo anarshike. Na sisi wasomi tunapenda sana neno hilo. Tembea kwenye maktaba za mji huu, hesabu TFC na memwari zenye neno « anarshike » kwenye kichwa. Mule ndani mwenye kosa ni mumoja tu, yule maskini aliyejenga. Sura ya mwisho inapendekeza Serikali ibomoe. Tunapewa distinksyo, tunaenda.

Sasa tuulize swali ambalo mama yeyote wa Cimpunda anauliza: « Ni nani aliwaonyeshaka pale? » Udongo wa inchi hii ni wa Serikali, sheria ya 1973 ilisema hivyo na bado inatawala. Mutu hawezi kuota juu ya mulima kama uyoga. Aliuziwa na mutu, akapewa karatasi ya kuuziana, mashahidi wakasaini, kisha kartiye ao komini ikamuandikia fishi ya parseli na akailipia. Wengine walifika mpaka kwa konservatere wa titre. Siku mvua inaposhusha mlima, yule mwenye fishi anaitwa anarshike, na yule aliyepiga stempu anaitwa otorite.

Konseye hana stempu ya parseli. Hatoi titre, hatoi ruhusa ya kujenga. Hilo si kosa lake, sheria ndivyo ilivyogawa. Lakini yeye yuko na kitu ambacho mama wa Cimpunda hana, haki ya kumuuliza burugumestre maswali na kutaka karatasi. Angeweza kuuliza: fishi ngapi zimetolewa na komini yetu kwenye mwaka huu? Ngapi kati yao ziko kwenye sehemu ambazo watu wa urbanisme wamekataza kujenga? Feza yake iliingia kwenye kesi gani? Kama angeweka majibu ya maswali haya matatu kwenye bilan, hata bila picha moja, ningeiprinti niigawe bure. Badala yake amemuomba buldoza.

Na kubomoa kisha watu waende wapi? Ukurasa mzima hausemi. Tunajua wanapoenda: mteremko wa pili, kwa kodi ya juu zaidi.

Siseme kwamba hatari haiko. Kura ilikuwa tarehe 20 Desemba 2023. Siku sita baadaye, mvua ya Ibanda ilishusha udongo juu ya nyumba, ikaua watu zaidi ya kumi kwa usiku mumoja. Hatari iko, na haingojei mandato ya miaka mitano. Ninachopinga ni dawa.

Tuangalie Funu. Watu wa pale wanajua udongo unatembea: mlango uliofungwa vizuri mwaka jana leo haufungi, ukuta unapasuka, bomba la maji linakatika bila mutu kuligusa. Wanajiolojia wameufuatilia mwendo huo kwa satelite na kwa picha za angani za tangu enzi ya mkoloni, na mwaka 2022 walitoa kazi yao katika jarida la Nature Geoscience. Walichoonyesha ni kwamba mji wenyewe unaongeza mwendo wa udongo. Njia za maji zilibadilishwa, maji ya manjanja na ya bomba zenye kuvuja yanaingia ndani ya mlima badala ya kushuka juu yake. Mlima ulikuwa unatembea zamani, sisi tumeupa mbio. Ukisoma hivyo, utaona kazi ya kwanza ya makao katika Bukavu ni maji. Yatoke wapi, yapite wapi, yaishie wapi. Kanivo!

Na maji ya mvua ni kitu ambacho konseye hawezi kusema hakimuhusu. Barabara ndogo za kartiye, kanivo, takataka, hivyo vyote ni mambo ya komini katika sheria ya Oktoba 2008 juu ya entite zenye kujitawala. Neno kanivo katika bilan ya mukubwa linaonekana mara moja, ndani ya salongo moja ya Jumamosi ambapo vijana walitoa takataka na kuziweka pembeni. Pembeni! Mvua ya Jumapili ilizirudisha. Zikatoka kanivo, zikaingia ziwani, na kutoka ziwani zinafuata Ruzizi mpaka kwenye mashini ya umeme. Chupa za plastiki zinazosimamisha turbini za Ruzizi zinatoka kwetu huku juu. Wewe unayekaa giza ukiandika TFC yako na bujie, jua kwamba kanivo ya kartiye yako iko kwenye hadithi hiyo.

Wakubwa wa Bagira watanikumbusha kwamba mambo haya yalijulikanaka zamani. Kweli. Ofisi ya Makao ya Waafrika, ile OCA iliyoundwa 1952, ilipojenga Bagira ilipanga njia na mahali pa maji kabla ya kuingiza watu. Mkoloni alikuwa na sababu zake, alitaka wafanyakazi wake wakae mbali na yeye na wakae kimya, simusifu. Lakini pita leo katika zile kartiye za A, B na C, kisha panda kwenye nyumba zilizoongezeka pembeni, uone tofauti kati ya mahali ambapo maji yalifikiriwa na mahali ambapo yalisahauliwa.

Mutu atanijibu: feza iko wapi? Swali ni la haki. Katiba inaipa provensi 40% ya mapato ya taifa, na sheria inasema 40% ya sehemu hiyo ya provensi iende kwa entite kama komini. Hakuna burugumestre wa hapa atakayekuambia kwamba feza hiyo inafika vile imeandikwa. Komini inaishi na takse za soko na za karatasi, na sehemu kubwa inaliwa na mishahara. Lakini hata kidogo kilichopo, nani anakiona? Karibu mwaka 2010 na 2011, kwa musaada wa Benki ya Dunia, entite kadhaa za Kivu ya Kusini, Ibanda ikiwa mumoja wapo, zilijaribu bajeti shirikishi. Watu waliitwa kwa mesaji za simu, wakaja kwenye mkutano, wakasema kitu cha kutengeneza mbele, wakapiga kura juu yake. Wakati huo hatukuwa hata na konseye mumoja wa kuchaguliwa! Sasa tuko nao, na bilan ya mukubwa haina namba moja ya bajeti ya komini. Imehesabu manjanja, mifuko ya sima na wageni wa heshima. Ningependa kujua kama amekwisha kuishika ile bajeti mikononi.

Kuna kitu kingine hakimo kabisa, na hapa nazungumza na ninyi zaidi kuliko na yeye: lokatere. Nusu ya wasomaji wa ukurasa huu wanapanga chumba. Unafika kutoka Walungu ao Kabare na diplome yako, mwenye nyumba anakuambia garanti ya miezi sita, dola mkononi, na hakuna kontra. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kodi za nyumba imeweka mwisho wa garanti kuwa miezi tatu kwa nyumba ya kukaa. Na serivisi ya abita, yenye kuandikisha kontra na kusikiliza ugomvi wa kodi, iko palepale komini, mlango wa pili ao wa tatu kutoka kwa burugumestre. Hapo konseye hahitaji sima, wala mufadhili, wala gavana. Angechapisha ukurasa mumoja wa Kiswahili wenye kueleza ile sheria, aubandike kwenye kila kartiye, kisha aulize baraza kwa nini serivisi ya abita haiwaiti wenye nyumba wanaozidisha. Labda tatizo ni kwamba wenye nyumba wako kati ya makonseye. Nauliza tu.

Nimesikia vijana wakisema: « Mumuache, anajenga jina, 2028 atakuwa depite. » Inawezekana. Kasa-Vubu naye alianzia kwenye komini, alikuwa burugumestre wa Dendale mbele ya kuwa raisi. Kupanda si zambi. Lakini bilan hii inasomeka kama ya mutu ambaye ameisha kuondoka: barabara kubwa, « mji mupya », ombi kwa raisi wa Jamhuri, shukrani kwa gavana. Kartiye yake yenyewe inatokea kwenye picha, nyuma ya manjanja.

Mukubwa, najua utasoma. Umetusaidia wengi, na mimi nilikuwa kati ya wale wa afishi. Ukurasa wa nne, chini kabisa, kwenye « vizuizi », umeandika mustari mumoja kwa herufi ndogo: « Wakaaji wa mteremko wanaomba kujua nani aliuza sehemu zile. » Basi bilan ya mwaka wa pili uianze na mustari ule.