Jibu Lisiloandikwa

Kwenye daladala ya jioni, mtu akipokea simu, abiria wote tunapewa nusu ya hadithi. "Ee... Lini? Sasa funguo alimwachia nani? Hapana, mama asiambiwe." Kisha anakata, anairudisha simu kwenye pochi, kimya. Hakuna anayethubutu kumwuliza. Lakini kila mmoja wetu amekwisha kumjua aliyekuwa upande wa pili: umri wake, woga wake, hata sauti yake. Mimi niliwahi kupitilizwa kituo kwa ajili ya dada mmoja na funguo ambazo mpaka leo sijui zilikuwa za nini.

Alinirudia kichwani dada huyo nilipocheza Digital: A Love Story, mchezo wa kompyuta ulioandikwa na Christine Love wa Kanada, ukatolewa bure mwaka 2010. Hauna risasi wala mbio, hauna hata sura ya mtu. Ni mfupi, jioni moja inautosha. Ukiufungua, skrini nzima inageuka kompyuta ya mwaka 1988, buluu na nyeupe na chungwa, iliyoigwa kutoka Amiga ya zama zile. Kuna kisanduku cha ujumbe na programu ya kupiga simu kwa modemu. Basi. Mapenzi, fumbo na vifo, vyote vimo ndani ya maandishi ambayo watu wameyaacha wakaenda zao.

Aliyezaliwa akaikuta WhatsApp itabidi aelezwe kidogo. Januari 1978, theluji iliwafungia watu ndani mjini Chicago, na Ward Christensen na Randy Suess wakaanza kuunda kitu kama ubao wa matangazo, ila ubao wenyewe ni kompyuta iliyounganishwa na simu ya nyumbani. Februari ukaanza kupokea. Laini ilikuwa moja, kwa hiyo aliyeingia aliingia peke yake. Wengine walikutana na mlio wa laini kushikwa. Unasoma yaliyoachwa, unaacha lako, unakata, anaingia mwingine. Mazungumzo ya sentensi nne yaliweza kuchukua siku tatu. Miaka kumi baadaye mbao hizo zilikuwa zimeenea kote Marekani, na hapo ndipo Love anapomweka mchezaji wake.

Anamtesa pia, kwa makusudi. Kila ukitaka kuingia kwenye ubao lazima uandike namba ya simu mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, kisha usubiri modemu ilie kilio chake cha paka aliyekanyagwa mkia. Hakuna orodha ya majina ya kubonyeza. Mara ya tano unaudhika. Mara ya kumi na tano namba imekukaa kichwani kama ilivyokaa namba ya simu ya mezani ya nyumbani kwenu. Na kwa kuwa simu za mbali zilikuwa ghali, hadithi inakupitisha kwenye namba za siri za kadi za simu za watu wengine, ambazo baada ya muda hufa ukalazimika kutafuta nyingine. Unashtukia umekuwa mwizi mdogo kwa sababu tu unataka kujua aliyekuandikia anaendeleaje.

Aliyekuandikia anaitwa Emilia. Anaweka shairi ubaoni, unamjibu, naye anakujibu. Hapa ndipo ninapomvulia kofia mwandishi: majibu yako huyaoni. Unabonyeza kitufe cha kujibu, ujumbe unakwenda, umeandika nini hakuna anayekuonyesha. Unakuja kujua ulichosema kwa kusoma alichojibu yeye.

Michezo mingi ya aina hii hukupa sentensi tatu uchague moja, na aghalabu hata moja si ya kinywa chako. Love hakupi hata hiyo moja. Tuseme mtu anakuandikia: "Sikutegemea uniambie hivyo. Nimeusoma mara tatu, halafu nikazima taa." Ulimwambia nini? Mwandishi hakuandika, nawe hukuandika, lakini sentensi ipo, na ni tamu kuliko yoyote ambayo mwandishi angeitia kalamuni, kwa sababu umeitoa kwako. Nimejaribu kuandika hivyo. Ni kazi ngumu mno. Jibu likieleza sana, msomaji anaona kamba zinazomvuta mwanasesere. Likieleza kidogo, anabaki gizani. Lazima kila jibu libebe umbo la swali lake, kama ganda la yai linavyobaki na umbo la yai.

Wasomaji wa kurasa za mashairi kwenye magazeti yetu wanaijua raha hii. Ukilikosa gazeti la wiki iliyopita, unakuta mshairi anamjibu mwenzake kwa hasira iliyopimwa mizani, na kwa kusoma majibu unalijenga upya shairi ambalo hukuliona. Mara nyingine ulilolijenga ni zuri kuliko lile la kweli.

Fumbo lenyewe la mchezo silifumbui. Ni la bunilizi ya kisayansi, linahusu kompyuta na wanaoishi ndani yake, na linachezea historia halisi ya mitandao ya wakati ule. Ninachosifu ni jinsi linavyotegwa. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi anaweza kukwambia mshukiwa alipepesa macho. Mwandishi wa kumbukumbu za mazungumzo hana macho wala mikono. Ana namna ya mtu kuandika, haraka yake ya kujibu, na jina lililozoea kuonekana ambalo halionekani tena. Kila kitu kimebaki kwenye kisanduku chako, unaweza kurudi nyuma ukasome upya, na ushahidi ulioupita ukidhani ni porojo za watu wa ubaoni unakutazama usoni. Dosari ipo: kuna mahali hadithi inagoma kusogea mpaka umjibu mtu ambaye hukumdhania kuwa na maana, nawe unazunguka kama mgeni Kariakoo.

Mwaka 2015 ukaja mchezo mwingine, Lifeline, ulioandikwa na Dave Justus, nao ukaihamishia kazi hiyo ya kusimulia kwa ujumbe kwenye simu ya mkononi. Mwanafunzi aitwaye Taylor ameanguka na chombo kwenye mwezi wa mbali, na anakutumia ujumbe. Akisema anakwenda kulala, kweli amelala. Unangoja saa nzima na zaidi, unapika, unafua, unachungulia simu. Wakati fulani anauliza kama ni salama kulala karibu na mtambo wa nyuklia, nami niliutoka mchezo nikaenda kutafuta habari za mionzi kama mzazi mwenye mtoto safarini. Taylor ni mwanamume au mwanamke? Justus hasemi, kila mchezaji akaamua lake. Kiswahili na "yeye" yake kingemfanyia kazi hiyo bure.

Hata hivyo nikiulizwa, narudi kwa Emilia. Lifeline inakupa majibu mawili uchague, na kila ukichagua unasikia mkono wa mwandishi begani. Kwa Emilia mkono huo sikuusikia hata mara moja.

Kuna wakati katika mchezo wa Love unapiga namba ya ubao wa kwanza, ule ulioanza nao, na ubao haupo tena. Hakuna picha ya moto, hakuna muziki wa huzuni. Simu haipokelewi. Nilikaa nikaitazama skrini, kisha nikaipiga tena, bila kuangalia popote, tarakimu kwa tarakimu.