Kidani cha Sufuria na Shaba

Kina mama wa Kimaasai wanapokatiza sokoni Chanika, kabla hujaziona rangi za shanga unaona mmeto. Ni vibati vya alumini vilivyoning'inizwa ukingoni mwa shanga, havizidi ukucha wa gumba, vinavyogongana na kulia kila wanapopiga hatua. Vingi vilikuwa sufuria. Ilipotoboka isizibike tena, mkasi wa bati ukaigeuza pambo.

Mambo haya si ya leo. Karne ya 19, misafara iliyotoka Pangani kwenda Umaasaini ilibeba shanga na mizigo ya waya, wa chuma na wa shaba, na waya huo ukaishia mikononi, shingoni na masikioni mwa watu. Surutia, yale mapambo ya shaba ya kuzungusha wanayovaa wanawake walioolewa, ni ya ukoo huo. Baadaye zikaja senti za kikoloni zenye tundu katikati. Ile ya senti 10 ilikuwa pana, ikakaa vizuri kifuani bila hata kuguswa na keekee: mkoloni alishatoboa.

Ajabu ni hadhi ya mhunzi mwenyewe. Wamaasai waliitaka mikuki na sime za Ilkunono, watu wa uhunzi, lakini waliwatenga na hawakutaka kuoleana nao. Ukipanda kaskazini ukaiacha Korogwe nyuma, hadi milima ya Upare, unakuta kinyume chake: Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya Wapare, anaeleza kuwa Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliotawala Ugweno, huko Upare Kaskazini, kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Nyundo ni ile ile. Huku mkosi, kule utawala. Mimi niko upande wa Ugweno.

Ubingwa wa fundi huonekana pale anapotaka kuweka shaba, shaba ya njano na alumini kwenye kidani kimoja. Mbele ya moto hazielewani. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, alumini 660 tu. Shaba hukupa taarifa: inaiva nyekundu, unaitumbukiza majini, inatoka laini, tayari kufuliwa upya. Alumini haisemi kitu. Inabaki nyeupe vile vile, na ghafla imeshuka makaani. Fundi anayeijua huipaka kwanza sabuni ya mche. Sabuni ikigeuka nyeusi, anaiondoa motoni. Kipande cha sabuni kinafanya kazi ya kipimajoto, na sijaona kipimajoto cha bei nafuu kuliko hicho.

Kuzilehemu pamoja ni kujitafutia balaa, maana alumini huvaa utando mwembamba unaoikataa risasi. Dawa yake ni ribiti, na ribiti ndiyo ninayoisifia hapa. Unachukua waya wa shaba, unaulainisha kwa moto, unauchomeka kwenye tundu linaloubana barabara; ukicheza, umeharibu. Unauacha uchomoze kila upande kwa nusu ya unene wake, basi. Ukizidisha, unapinda; ukipunguza, haupati kichwa. Kisha unagonga polepole kwa nyundo ya uso wa mviringo, pembeni kwanza, ukizunguka, unageuza, unagonga upande wa pili, mpaka kichwa kinachanua kama uyoga. Nguvu haitakiwi. Na usitoboe matundu yote kwa pamoja, hata kama umepima: toboa moja, piga ribiti yake, ndipo utoboe la pili kupitia mabati yote mawili. La sivyo matundu hayatalingana.

Wapo wanaosaga vichwa vya ribiti hadi visionekane, eti kidani kifanane na cha dukani. Naona wanapoteza. Nukta tatu nyekundu juu ya bati jeupe ndizo nakshi yenyewe.

Kuchora nako hakuanzi na karatasi. Kunaanza na chakavu kilichopo: koki ya bomba iliyokufa, kitasa kibovu, waya wa mota. (Muulize anayekuuzia waya ameutoa wapi. Shaba inayouzwa usiku kwa haraka mara nyingi imeacha mtaa gizani.) Halafu unakikata kidani, unakifunga uzi, unakining'iniza, kwa sababu kidani hakivaliwi kikiwa kimelala mezani. Tundu likisogea kidogo tu kulia, kitakaa upande maisha yote. Likikaribia mno ukingo, litachanika. Mgongo nao usafishwe kwa tupa na msasa, maana ndio unaogusa ngozi.

Ngozi ina jasho, na jasho lina chumvi. Chumvi ikikaa katikati ya shaba na alumini, inayoliwa ni alumini. Shaba itaota ukijani tu, na ndimu na majivu vitaurudisha wekundu wake. Wengine huweka kipande chembamba cha ngozi ya mbuzi kati ya mabati. Kinasaidia, ila hakizuii kabisa. Siku bati likichoka, fundi anasaga kichwa cha ribiti kwa tupa, anakisukuma nje kwa msumari, anakata kibati kingine kutoka sufuria nyingine na kugonga upya. Shaba inabaki ile ile, na anayelipa analipia kazi ya asubuhi moja.