Jeti Haitobolewi

Kazi ilikuwa safi mpaka mkono wa fundi ulipotafuta kekee. Mliokuwa pale vibandani, na mliotazama video yake ikizunguka kwenye simu hapa Kakamega, mnajua nazungumzia lipi: Yamaha DT175 ya kizamani, injini imefunguliwa na kufungwa upya, kabureta ya Mikuni iko mezani na bakuli lake limetolewa. Fundi akafungua jeti kuu, akaibana kwa koleo, akaingiza biti nyembamba kwenye kitundu chake na kuanza kuizungusha kwa vidole. Unga wa shaba ukadondoka juu ya kitambaa. Akaipuliza jeti, akaitazamia juani, akatabasamu. Kuna waliompigia makofi.

Uamuzi ule ulikuwa mbovu. Naitanguliza hukumu ili asiye na muda wa kusikiliza sababu aondoke na jambo moja: jeti hununuliwa, haitobolewi.

Mengine aliyoyafanya sina ugomvi nayo. Pistoni na ringi zilipimwa, petali za ridi zikabadilishwa, boya likawekwa kimo chake, vijia vyote vya kabureta vikaoshwa. Fundi huyu kazi anaijua, na ndiyo maana kosa lake linauma.

Boksi la hewa la DT ile lilikuwa limeng'olewa, na mahali pake pakafungwa filta ya koni, zile nyekundu zinazong'aa kuliko pikipiki yenyewe. Ilipowashwa iliitika vizuri kwa chini, lakini mkono wa mafuta ulipovutwa wote ikakosa pumzi na kukatika. Fundi akasema mafuta hayatoshi. Kweli hayakutosha. Boksi huzuia hewa kidogo, na kizuizi hicho huongeza mvuto unaonyonya petroli kutoka kwenye bakuli. Ukiliondoa, hewa inaongezeka na mvuto unapungua, hivyo mchanganyiko unakuwa mwepesi. Alijua ugonjwa, alijua hata dawa iko upande gani. Hapo ndipo mtu huagiza jeti iliyo kubwa kwa hatua moja au mbili. Yeye akachukua kekee.

Tupige hesabu. Chukua jeti yenye tundu la milimita 1.0. Ukilipanua hadi milimita 1.1, jicho halioni tofauti, ila eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21. Kiwandani, hatua kutoka jeti moja hadi inayofuata huongeza asilimia chache tu. Kwa hiyo biti iliyozidi unene kwa sehemu moja ya kumi ya milimita imeruka hatua kadhaa kwa mpigo mmoja, na biti inayozungushwa kwa vidole huyumba. Tundu linatoka na umbo la yai, mdomo wake unabaki na makovu, na mafuta hayapiti kwenye makovu kama yanavyopita kwenye mdomo uliolainishwa. Jeti za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita hupewa namba kwa kupima mtiririko wa mafuta, kwa sababu upana wa tundu peke yake hausemi kila kitu. Toboa jeti mbili kwa biti ileile na huenda zikapitisha viwango viwili tofauti.

Hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba ile ndiyo jeti iliyokuja na pikipiki, ndiyo kipimo pekee cha kuanzia alichokuwa nacho. Ukifunga jeti kubwa na isifae, unairudisha ya zamani na unajua ulipo. Ukishatoboa, maji yamemwagika.

Halafu kuna jambo ambalo sikusikia mtu akiligusa: jeti ile bado imechongwa namba yake ya kiwanda. Siku pikipiki itakapouzwa, fundi mwingine ataifungua kabureta, atasoma namba, ataamini jeti ni ya asili, kisha atahangaika na koili, plagi na mafuta machafu akitafuta ugonjwa ulio mbele ya macho yake. Ukikwangua namba, angalau utakuwa umemwonya. Huyu hakukwangua.

Mtetezi wake aliniambia jeti hazipatikani Kakamega. Wimbo huu tumeuzoea. Jeti ni kitu kidogo kuliko punje ya hindi. Ukiikosa hapa mjini, agiza Kisumu au Nairobi, iwekwe kwenye matatu kama kifurushi. Gharama yake haifiki karibu na bei ya pistoni. Mwingine akasema hata wazee walikuwa wakitoboa. Walikuwa, ndiyo, nyakati ambazo spea zilikuwa adimu kwelikweli. Lakini wazee hao walianza na jeti chakavu, wakaziba tundu kwa risasi ya kuchomelea, wakalifungua upya kwa biti ndogo zenye vipimo vilivyoandikwa, wakiongeza unywele kwa unywele na kujaribu kila mara. Jeti ya asili ilikaa kwenye kopo la Kiwi, imefungwa kwa karatasi. Anayetaka kuiga wazee awaige mpaka kwenye kopo.

Sasa tuje kwenye chanzo cha tamaa yote hii. Ushauri wa kupandisha jeti namba nyingi kila unapofunga koni umetoka mtandaoni, kwa watu wanaoendesha kwenye miji ya pwani ya Ulaya na Marekani. Kakamega iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Mombasa. Kabureta ya kizamani haina kompyuta ya kuiambia hivyo. Hewa inapopungua uzito, petroli inayonyonywa hupungua pia, lakini kwa nusu tu ya kiwango hicho. Matokeo yake, pikipiki iliyopangwa kwa nchi za chini, ikipandishwa Kakamega, inakunywa mchanganyiko uliozidi uzito kwa kama asilimia 7 kabla hujagusa bisibisi. Sehemu ya njaa iliyoletwa na koni ilikuwa imeshashibishwa na mwinuko. DT ile ilihitaji kuongezewa kidogo sana.

Ndiyo maana baada ya kekee tulisikia tulichosikia. Mkono ulipovutwa wote, injini ya mapigo mawili ikaanza kulia kama ya mapigo manne: inawaka, inaruka, inawaka, inaruka. Moshi ukawa mzito. Plagi ilipotolewa ilikuwa nyeusi na imelowa. Wanaojua mlio huo waliinama. Wasioujua walisema pikipiki sasa ina sauti nzito.

Badala ya kurudi kwenye kosa, fundi akalifunika. Akafungua skrubu ya hewa. Lakini skrubu hiyo inatawala pale injini inapounguruma imesimama mpaka karibu robo ya mkono. Kwenye mkono mzima haina sauti. Akashusha sindano kwa kuhamisha klipu juu. Sindano inatawala kati ya robo na robo tatu ya mkono, na hapo ndipo DT inapotumia sehemu kubwa ya maisha yake barabarani. Hivyo tukapata pikipiki inayozama kwa mafuta juu na kukaukiwa katikati. Ile ya juu itamchafulia mwenye pikipiki plagi. Ya katikati inaweza kumlia pistoni: unakwenda mwendo wa kawaida kutoka Khayega kuelekea Chavakali, nusu mkono, hakuna moshi, hakuna kelele, unadhani mambo shwari, kumbe joto linapanda mpaka pistoni inavimba na kushika silinda.

Na yule aliyeziba pampu ya oili ya Yamaha ili achanganye oili kwenye tangi, kama wengi walivyozoea, ajue ameongeza hatari. Mfumo wa Autolube uliletwa na Yamaha katika miaka ya 1960 ili oili ipimwe kwa pampu yake, ikifuata mkono wa mafuta na mzunguko wa injini. Ukiuua ukachanganya mwenyewe, oili inasafiri ndani ya petroli. Punguza petroli, umepunguza na oili. Teremka Mamboleo kuelekea Kisumu umefunga mkono huku gia inazuia mwendo, na injini inazunguka kwa kasi ikiwa karibu kavu. Nimelisema hili miaka mingi, na bado naona pampu zilizozibwa kwa boliti.

Tukiwa hapo, nimalize na koni. Naichukia na sifichi. Watu hudhani boksi la hewa ni kopo la plastiki lililowekwa kujaza nafasi chini ya kiti. Ukubwa wake ulipangwa kulingana na kabureta ile, na mpira unaounganisha viwili hivyo una mdomo laini wa kuingiza hewa bila misukosuko. Liko juu, mbali na tope. Koni inakaa wazi nyuma ya silinda, inameza vumbi jekundu la barabara ya Shinyalu asubuhi na mvua ya Kakamega jioni, na huku si nchi ya mvua ya kubahatisha. Tena kwenye injini ya mapigo mawili hewa haiendi moja kwa moja kwenye silinda. Inapitia kwanza kwenye kasha la krenki. Vumbi linalopenya linaanza kusaga beringi za chini kabla halijafika kwenye ringi. Faida ya koni, kama ipo, ni mlio.

Wahandisi wa Honda walilielewa hili mapema. CG125 iliyotoka katikati ya miaka ya 1970 ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo kupita kiasi, hupita kwenye vumbi na haifanyiwi huduma kwa wakati. Injini yake ndiyo iliyokuja kunakiliwa China, na wazao wake wamejaa kwenye stendi zetu za bodaboda. Mwanabodaboda anayeng'oa boksi la hewa ili pikipiki ingurume anatupa kitu ambacho mtu alikaa akakifikiria kwa ajili yake.

Wananiambia naishi zamani. Acha niishi. Zamani kulikuwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mtoto wa gereji aliyeshika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano. Alishinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, na ule ushindi wa kwanza aliupata kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na jina lake limo kwenye orodha zote mbili. Mtu hafiki mwisho wa barabara zile mara mbili kwa bahati. Anafika kwa kuijua mashine yake na kutoipa sababu ya kufa. Leo tunapimana kwa nani ana mlio mkubwa kutoka Lurambi hadi Amalemba, ambako hata mtu wa miguu anafika.

Kwa anayeshikilia kwamba koni lazima ibaki, njia iko na haina miujiza. Nunua jeti kadhaa zenye namba zinazofuatana, uanze na iliyo kubwa, maana mchanganyiko mzito unachafua plagi lakini mwepesi unaua pistoni. Funga utepe kwenye mkono wa mafuta, uweke alama za robo, nusu na robo tatu, ili ukisema "inakatika hapa" ujue hapo ni wapi. Tafuta mwinuko mrefu, kama ule wa kutoka Mamboleo kupanda Kiboswa, uvute mkono wote kwenye gia ya tatu. Ikilia kama mapigo manne, shuka namba moja. Endelea kushuka mpaka mlio ule ukatike na injini ivute safi, kisha usimame hapo. Namba moja zaidi ni tamaa. Kumbuka pia kwamba Kisumu iko chini yetu kwa karibu mita 400, na mchanganyiko utakuwa mwepesi kidogo ukifika huko, kwa hiyo usipange jeti yako ukingoni. Jeti kuu ikitulia ndipo uguse sindano, na sindano ikitulia ndipo uguse skrubu ya hewa. Huyu wetu alikwenda kinyume, akitumia vidogo kuficha kosa la kikubwa.

Usiegemee sana rangi ya plagi. Vitabu vya DT viliandikwa enzi ya petroli yenye risasi, na petroli ya leo haiachi rangi ileile. Sikiliza injini kwanza, plagi iwe shahidi wa pili.

Namalizia na DT yenyewe, kwa sababu bado inaweza kuokolewa. Boksi lake halijapotea. Lilionekana kwenye video limeegemea ukuta. Lirudishwe. Inunuliwe jeti kuu ya namba ya kiwanda, sindano irudi kwenye mfuo wake wa awali, skrubu ya hewa ipangwe upya. Na ile jeti iliyotobolewa isitupwe kwenye droo ya spea, maana ina namba ya uongo na kuna siku mtu ataiamini. Ipigwe nyundo.