Wiki ya 34

Hadithi bora niliyosikia mwaka huu nilisimuliwa na muuza likizo, huko Diani, saa nne asubuhi, mbele ya sahani ya mahamri. Ilichukua dakika 90 kama tulivyoahidiwa, kisha ikaongeza masaa mawili ambayo hatukuahidiwa. Ilipoisha, dada yangu alikuwa ameshalipa shilingi 65,000 na mimi nilikuwa nimepiga makofi. Nataka kuichambua vile tungechambua riwaya, kwanza kwa sababu uchambuzi ndio kitu pekee nilichoanza kusomea kabla karo haijanitoa chuoni mwaka wa pili, na pili kwa sababu yale makofi bado yananikera.

Tulifikaje huko? Dada ni mwalimu wa sekondari. Alijaza karatasi ya bahati nasibu kwenye supamaketi moja Kisumu, na wiki mbili baadaye akapigiwa simu kwamba ameshinda. Kumbe alichoshinda ni ruhusa ya kulipa. Chumba ambacho bei yake ya kawaida ni 42,000 kwa siku mbili, yeye angekipata kwa 9,900. Masharti yalikuwa matatu: aje na hati ya mshahara, aje na mwenzi wake, na wahudhurie kikao cha kujulishwa kuhusu klabu ya likizo. Wakikwepa kikao, watalipa bei kamili. Shemeji alisema hana muda wa kwenda kuuziwa mchanga. Basi dada akamchukua Mama, na mimi nikafuata kama mbeba mizigo. Pale mapokezi waliuliza mume yuko wapi, dada akajibu kwamba nyumbani kwetu mwenye sauti ni huyu hapa, akamwonyesha Mama. Wakakubali. Nadhani waliangalia zaidi ile hati ya mshahara.

Kutoka Lambwe hadi Diani unavuka nchi nzima: probox hadi Homa Bay, basi la usiku hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, feri ya Likoni, halafu matatu ya Ukunda. Mama hakulala njia yote. Alipoifikia bahari alichovya kidole akaonja, akatema, akasema Nam Lolwe haina kiburi hivi.

Sasa tuje kwenye hadithi yenyewe. Msimulizi wetu alikuwa kijana wa rika langu, shati jeupe, sauti ya mtangazaji wa redio. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba hasimulii, anauliza. "Mama, unaipenda familia yako?" Ndio. "Mwalimu, kazi yako inachosha?" Ndio, sana. "Na wewe kaka, ni haki kweli mtu akilipia hoteli kila mwaka na mwisho asibaki na kitu?" Nikasema hapana, na hiyo hapana yangu ilikuwa ni ndio nyingine tu. Nilihesabu maswali kumi na moja kabla ya chai kupoa, na hakuna hata moja lililokuwa na majibu mawili. Nyanya yangu alipokuwa anatusimulia sigana usiku, tulikuwa na haki ya kumkatiza. Sungura alivukaje mto na hajui kuogelea? Nyanya lazima ajibu, ama abadilishe hadithi, ama atuambie tulale. Hapa ukikatiza unaongezewa juisi.

Kitu cha pili kilinichukua muda kukisikia, na ndipo ufundi wa huyu jamaa ulipo. Hakuwahi kusema "mkija". Alisema "mtakapokuja". "Mtakapokuja mwakani, watoto watakuwa wameshajua kuogelea." "Mtakapoketi hapa wiki yenu ya 34." Ile -ki- ingetuachia mlango wazi, kwamba huenda tusije. Ile -po- imeshaufunga na sisi tuko ndani, tayari tumevaa kandambili. Nimewahi kukaa darasani nikifundishwa viambishi na mtu aliyechoka, na sikuwahi kuambiwa kwamba silabi moja inaweza kuuza chumba.

Wiki ya 34 ni mwishoni mwa Agosti, shule zimefungwa. Alimpa dada hiyo namba mapema sana, kama mtu anayempa mtoto jina. Baada ya hapo haikuwa tena chumba, ilikuwa "wiki yenu".

Na neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa kumiliki. Mtamiliki Diani. Hapo ndipo Mama, ambaye alikuwa amenyamaza akimenya embe, akauliza swali la kumi na mbili: "Nikimiliki, nikifa mtanizika upande gani?"

Kijana akacheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Mama hakuwa anatania. Kwetu, ardhi yako ni pale ambapo kaburi lako linaweza kuchimbwa bila mtu kuomba ruhusa. Mtu anaweza kukaa Nairobi miaka 40, ana nyumba ya ghorofa, na siku ya mwisho anarudishwa dala kwa basi. Kwa hiyo swali la Mama lilikuwa swali la kisheria kabisa, tena sahihi kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi ile. Jibu lake ni kwamba hakuna upande wowote. Kinachouzwa si nyumba wala kiwanja. Ni zamu: siku saba kwa mwaka, kwa miaka 20, ndani ya jengo la mtu mwingine.

Biashara hii ya zamu si ya juzi. Ilianza Ulaya miaka ya 1960, kwenye mahoteli ya theluji ya milima ya Alps, Ufaransa, na 1974 kampuni ya RCI ikaanzishwa Marekani ili mwenye wiki yake mahali fulani aweze kuibadilisha na mwenye wiki yake kwingine. Wazo lenyewe si baya. Mama yuko kwenye chama cha wanawake 14 na kila mwezi mmoja wao anapokea mzunguko. Zamu tunaielewa. Lakini kwenye chama unawajua wote 14, unajua nani anachelewesha, na mweka hazina akileta mchezo unaenda kusimama mbele ya lango lake asubuhi. Kwenye hadithi ya Diani kuna wahusika wapatao 50 ambao hawatajwi popote: wenye zile wiki zingine za chumba hicho hicho. Hatukuwaona wala hatukuambiwa majina yao. Mwandishi yeyote aliye na wahusika 50 wanaolala kitanda kimoja na asiwataje hata mara moja, anaficha hesabu.

Basi nikapiga hesabu, japo nimechelewa. Bei ilianza 1,400,000, ikashuka 950,000, ikafika 650,000 "kwa leo tu, mkiwa bado mmekaa". Zidisha 650,000 kwa wiki 51, tumwachie fundi wiki moja ya ukarabati: 33,150,000. Hiyo ni kwa chumba kimoja chenye jiko dogo na kochi linalokunjuka kuwa kitanda. Halafu kuna ada ya matunzo, 48,000 kila mwaka, uje usije. Kwa miaka 20 hiyo ni 960,000, yaani inaipita bei ya wiki yenyewe, na hapo tunajifanya haitapanda. Hii ada ilitajwa mara moja, haraka, kijana akiwa ameshasimama kutuonyesha bwawa.

Kuna brosha pia, na kama maandishi ni dhaifu kuliko ule usimulizi. Kurasa nyingi za bahari, mitende, mtoto wa kizungu na ndoo. Mdigo wa Diani anaonekana mara moja tu, amebeba trei. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa watu wa hapo, ambao ni kati ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, umepewa mistari miwili chini ya "matembezi". Ufuo unaonekana kama ulikuwa unangoja tu mtu aje ajenge.

Huo mtindo naujua, kwa sababu kwetu pia ni likizo ya mtu. Hifadhi ya Taifa ya Ruma iko hapo bondeni Lambwe, kilomita za mraba 120. Ilitengwa kama hifadhi ya wanyama mwaka 1966, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa 1983, na wageni huja kumtafuta korongo, yule swala mkubwa ambaye Kenya hii amebaki kwetu tu. Kwenye picha za Ruma pia hakuna mtu. Ni nyasi, twiga na ukungu. Hakuna anayeandika kwamba bonde lilikuwa jeupe kwa sababu ya mbung'o, kwamba miaka ya themanini mwanzoni malale yalizuka tena na watu wakazikwa, kwamba Mama alishapoteza ng'ombe kwa nagana ng'ambo ya uzio ule ule ambao mgeni anaupiga picha. Mtalii hajakosea kuja. Ila nikiwa nimeshika brosha ya Diani nilijihisi nimegeuzwa kuwa yeye, na nilipenda. Tusidanganyane.

Maana hapa ndipo mimi mkosoaji nilipoanguka. Swali la Mama lilipomshinda kijana, aliitwa meneja. Mzee mtaratibu, kalamu moja mfukoni. Hakugusa bei. Aliniuliza mimi nafanya nini, nikamwambia naandika, akauliza nilisomea wapi, nikamwambia sikumaliza. Akaweka kalamu chini. "Hata mimi sikumaliza," akasema, "na ona." Akaonyesha bahari, kama yeye ndiye aliyeijaza. Sijui kama ilikuwa kweli. Miaka mitatu nimekuwa nikijibu hilo swali kwenye matanga na harusi, na hakuna mtu aliyewahi kulipokea bila kunihurumia. Nikamgeukia dada nikamwambia, "Si mbaya bana. Ni wiki yako."

Dada alitoa arbuni ya 65,000, mkopo wa dharura wa sacco aliokuwa ameuchukua kwa ajili ya paa la nyumba ya Mama. Mtu akapiga kengele, wafanyakazi wakapiga makofi, na mimi nikapiga nao.

Mkataba nilikuja kuusoma kwenye treni tukirudi, kuanzia Mariakani hivi. Ni kurasa 19 za Kiingereza, na ni kazi ya mwandishi mwingine kabisa. Hana mahamri wala watoto wanaoogelea. "Mtakapokuja" imetoweka, na mahali pake kumejaa "iwapo": iwapo nafasi itakuwepo, iwapo ada zote zimelipwa, iwapo maombi yamefika siku 120 kabla. Nilitafuta wiki ya 34 ukurasa kwa ukurasa. Haimo. Kuna "wiki moja kwa mwaka, kulingana na nafasi". Na kuna sentensi kwamba pesa iliyolipwa hairudishwi.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ilinifanya nitafute sheria kwenye simu, mtandao ukikatika kila tukiingia Tsavo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inaitaja biashara hii waziwazi. Inakupa siku 10 tangu upokee nakala ya mkataba kuuvunja bila kutoa sababu yoyote, na haki hiyo haifutiki kwa sababu mkataba umesema vingine. Umoja wa Ulaya, chini ya maelekezo yake ya 2008, unatoa siku 14, na katika hizo siku muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti. Huko ilikoanzia hadithi hii, wasikilizaji walishachoka wakaiwekea breki. Kwetu breki ipo, ila muuzaji wetu hakuitaja, na mimi niliyejiita msomaji nilikuwa bize na makofi.

Tuliandika barua siku ya saba, kwenye saiba moja Homa Bay, tukaituma kwa barua pepe na nakala kwa posta ya rejista. Sentensi nne, bila kivumishi. Ni maandishi yangu bora ya mwaka huu na hayana jina langu. Tangu hapo wamekuwa wakimpigia dada kila wiki, wakati mwingine kumwambia pesa inashughulikiwa, wakati mwingine kumuuliza kama amefikiria upya. Paa bado linavuja upande wa jikoni. Dada hanilaumu, na ningependelea anilaumu.

Lakini lazima niseme na hili, maana ningeliruka ningekuwa nimefanya ile kazi ya brosha. Zile siku mbili zilikuwa tamu. Mama alikaa kwenye kiti cha kulalia chini ya mnazi tangu saa tisa hadi giza, mikono juu ya tumbo, hachambui mboga, hasuki, hahesabu kuku. Tangu Baba afariki sijawahi kumwona amekaa bila kazi mkononi. Dada alisimama mbali akimtazama, na nadhani alikuwa ameshauza paa kichwani mwake kabla kijana wa shati jeupe hajafungua mdomo. Ile hadithi haikumtungia tamaa. Ilimkuta nayo, ikaipa namba.

Jana Mama aliniuliza kama wale watu wa Diani bado wanapiga simu. Nikamwambia ndio, bado. Akasema wakipiga tena, niwaulize siku mbili ni pesa ngapi bila ile hadithi.